Kikombe cha Fundi Lubasha

Tangu mitambo ya kupima usafi wa maji ipigwe marufuku, kipimo chetu ni koo la fundi. Akibadilisha sili, mpira wa kuzuia uvujaji, kwenye pampu ya mji, hunywa yeye kwanza kikombe cha maji ya bomba, mlangoni kwake, majirani wakimtazama. Akimaliza kikombe, ndipo nao hufungua mabomba.

Jioni ile mume wangu, Lubasha, alirudi akasema sili mpya imekaa sawasawa, oili ya mota haitavuja tena kwenye maji. Nikachukua ovaroli yake niifue. Mfukoni nikakuta kitambaa anachofutia oili kwenye shafti, mhimili wa pampu, kabla ya kuivisha sili. Kilikuwa cheupe pe, na mikunjo ya pasi niliyokipiga asubuhi.

“Baba Kija, shafti umeifuta na nini?”

“Usinianze, mama Kija. Watu wanangoja.” Kisha akaninong'oneza, “Nitekee maji ya mtungini.”

Ya mtungini niliyateka kabla pampu haijaharibika. Nilimtazama machoni, akageukia ukuta.

Nikateka ya mtungini.

Lubasha akanywa hadi tone la mwisho. Wakapiga vigelegele, wakakimbilia mabomba yao.

Nikaufunika mtungi, nikamwita Kija, nikamwambia leo asinywe kwa jirani.