Sauti Kutoka Mwezini

Mama Ngiri alikuwa anamenya mihogo Kunguru alipotua na habari.

"Mama Chande, pumzisha kisu. Simba ameingia ubia na kampuni ya Fisi. Wanajenga makazi ya kudumu Mwezini, na Chande wako amechaguliwa."

"Nani ametangulia?"

"Mtoto wa Swala. Kila jioni anaongea na mama yake. Kasuku ndiye fundi wa mawasiliano."

Mama Ngiri akaenda kusikiliza. Swala alikuwa ameketi nje ya ua wa Fisi, anatabasamu. Sauti ya mwanawe ikatoka ndani: "Nimefika salama, mama. Huku kuzuri."

"Mwulize mdogo wake anaitwa nani," alisema Mama Ngiri.

Swala akauliza. Sauti ikarudia: "Nimefika salama, mama. Huku kuzuri."

Swala hakutabasamu tena.

Mama Ngiri alirudi nyumbani, akaziba mlango kwa miiba, akapakua chakula. Watoto wote walikuwepo, Chande akitafuna ubavuni pake.

Ndipo sauti ya Chande ikasikika nje: "Nimefika salama, mama."

Mama Ngiri aliwahesabu upya. Walipotimia, akamwongezea Chande kipande cha muhogo.