Rafu ya Juu

"Nishikie futi hapo, Mama. Juu kabisa, mkono unapokomea."

Ndivyo fundi alivyopima makabati yote ya ukutani. Kabla ya kugusa ubao alimpima kwanza mwenye nguo, maana rafu isiyofikika ni pambo tu. Mama mwenye nyumba akanyoosha mkono, akaguna, ukakomea shibiri moja juu ya kilemba chake, chini ya matundu ya rafu ya zamani.

"Umeona?" binti yake akadakia kutoka mlangoni. "Fundi, rafu ya juu irudi palepale ilipokuwa ya zamani. Ukimaliza, Mama atoe blanketi bila kigoda. Akishindwa, leo hii anahamia kwangu."

"Sihami!" mama akafoka. "Nyumba nimeijenga kwa jasho langu. Nitatoka kwa kubebwa."

"Si tumekubaliana, Mama?"

"Tumekubaliana. Na sihami."

Fundi alitabasamu, lakini roho ilimuuma. Mtu mzima humng'oi kwake kama msumari.

Kabati lilikuwa tupu. Nguo zote mama alishazipanga kwenye sanduku kubwa, zisishike vumbi la mbao, alisema. Fundi akapima, akakata, akapiga randa. Akafunga bomba la kutundikia magauni, chini akaweka rafu mbili za viatu. Mama hakubanduka hapo, porojo mtindo mmoja.

"Hicho chumba chako cha wageni," akamuuliza binti yake, "jua la asubuhi linaingia?"

"Linaingia, Mama. Kwa nini?"

"Aa, nauliza tu. Kuuliza si ujinga."

Binti alipokwenda jikoni kuchemsha chai, na mama akamfuata kumkosoa, fundi hakupoteza muda. Akaishusha rafu ya juu hadi mkono wa mama ulipokomea, akaishusha tena vidole viwili vya akiba. Akaziba matundu ya zamani, akapaka rangi. Binti hakuwa mtu wa vipimo, asingejua. Dhambi ndogo, thawabu kubwa, fundi alijiambia.

Chai ikanywewa. Blanketi likawekwa juu.

Mama akasogea, akanyoosha mkono. Vidole vikapapasa, vikapapasa tena, vikaambulia hewa.

"Lo! Siwezi," mama akasema. "Uzee huu jamani."

Fundi akamtazama vizuri. Kiwiko kilikuwa kimepinda. Magoti nayo, ndani ya kanga, yalikuwa yamekunjwa kidogo.

Binti hakuona kitu. Alimkumbatia mama yake huku machozi yakimlengalenga, kisha akatoka mbio kutafuta teksi kabla mzee hajageuza maneno.

Mlango ulipofungwa, mama akajinyoosha, akalivuta blanketi kwa mkono mmoja na kulitia kwapani.

"Wewe fundi," akanong'ona kwa hasira, "nani kakutuma kuishusha? Nusura unibakishe humu peke yangu!"