Ya Kutazama Tu

Hakuna siri katika bonde letu nisiyoijua mimi. Ninazijua zote, tena kwa undani, ila huwa zinanifikia siku mbili baada ya kumfikia paka wa jirani.

Hii ya Clement Raistrick ilianzia jikoni. Jumapili moja mkewe, Winifred, alifungua oveni aweke nyama, akakuta kasha la injini limelala kwenye sinia lake la kuokea. Ndani ya friza, juu ya njegere, zilikaa beringi mbili.

Clement akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kasha likipata moto hutanuka, beringi ikipata baridi husinyaa, ukiviwahi vinaingiana bila nyundo. Kila mtu anayejenga pikipiki nyumbani hufanya hivyo. Winifred akataka kujua kama kila mtu pia hula nyama inayonuka oili.

Pikipiki yenyewe ilikuwa BSA Bantam ya mwaka sitini na moja, iliyowahi kubebea watu barua. Clement aliinunua ikiwa ndani ya maboksi manne ya ndizi, na sasa alikuwa anaigeuza iwe ya kupanda mawe. Ndio mchezo wa wazee wa huku Yorkshire: unakwea vijito na majabali kwa mwendo wa konokono, na mguu usiguse chini. Ukigusa mara moja unaandikiwa alama moja, mara mbili ni mbili, mara tatu na kuendelea ni tatu. Mwenye alama chache ndiye bingwa.

Mchezo huohuo ndio uliomvunja nyonga miaka mitatu nyuma. Winifred alimlisha kwa kijiko wiki sita, akamwogesha, akamsikiliza akilalamika, na hilo la mwisho ndilo lililomchosha. Kwa hiyo sharti lake alilitoa mbele ya mchungaji, ambaye masikini alikuja kunywa chai tu.

"Jenga," alisema. "Lakini itakaa sebuleni. Siku itakayovuka kizingiti, na mimi navuka, nahamia kwa dada yangu mjini Harrogate. Ukivunjika tena utajiogesha mwenyewe."

"Ni ya kutazama tu, mpenzi," Clement akaapa. "Kama saa ya ukutani."

Akajenga majira mawili ya baridi. Winifred alimshikia tochi, akasugua spoki kwa mswaki wa zamani wa Clement. Angalau Clement alidhani ni ule wa zamani.

Mara mojamoja Winifred aliuliza maswali. Kwa nini saa ya ukutani ifungwe gia ya nyuma kubwa kama sahani? Kwa nini vikanyagio vipandishwe juu na kusogezwa nyuma, kana kwamba kuna mtu atavisimamia? Clement akajibu kwamba ni urembo. Winifred akasema "Mh," akaendelea kusugua.

Ikafika Machi. Winifred akatangaza kwamba Jumapili ataenda kumwona dada yake na atarudi jioni. Aliondoka alfajiri na chupa ya chai na viatu vya matope, ingawa Harrogate tope la karibu liko kwenye vyungu vya maua. Clement hakuviona viatu. Aliuona mgongo, na mgongo unaoondoka una uzuri wake.

Nusu saa baadaye rafiki yake na mpinzani wake mchezoni, Percy Dinsdale, alirudisha kinyumenyume trela lake la kondoo mpaka mlangoni. Bantam ikavuka kizingiti.

Kule mlimani, kwenye mashindano ya klabu, mvua ilikuwa inanyesha kutoka ubavuni, kama kawaida yetu. Kila kituo kilikuwa na mwamuzi wake wa kujitolea, amejifunika koti la klabu mpaka puani, akitoa alama kwa vidole kwa sababu kwenye upepo ule hata ng'ombe hasikiki. Clement alipanda kama kijana. Vituo vinne vya kwanza hakugusa chini hata kwa ukucha, na vyote vinne alionyeshwa ngumi, yaani sifuri.

Cha tano, ndicho cha mwisho, kilikuwa na jiwe jeusi lenye utelezi. Gurudumu la mbele likaserereka, mguu wa kushoto ukashuka. Ukapanda. Ukashuka tena. Ukapanda, ukashuka mara ya tatu, na safari hii ukakaa kidogo kupumzika.

Mwamuzi akainua vidole vitatu.

Clement akazima injini. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Wenzake walikuwa bado wanahangaika chini ya kona. Akiandikiwa alama moja, kombe la wazee lilikuwa lake. Akiandikiwa tatu, lilikuwa la Percy, aliyetangulia kumaliza na alama mbili, na Percy angeisema habari hiyo mpaka siku ya mazishi yake.

Akamsogelea mwamuzi akadai kwamba mguu umegusa mara moja tu, hizo nyingine ni buti, limemzidi ukubwa. Vidole vikabaki vitatu. Akadai kwamba mvua imemdanganya mwamuzi macho. Vitatu.

Basi akajaribu huruma. Akainama karibu na kofia ya lile koti, akashusha sauti.

"Sikia, bwana, nimetoroka nyumbani. Mke wangu ni mtu mwema, lakini kwa pikipiki hajui hata mbele ni wapi. Nimemlisha uongo majira mawili ya baridi, na wote ameumeza. Sasa sisi wanaume tusipofichiana, nani atatuficha? Andika moja."

Mwamuzi akasukuma kofia ya koti nyuma ya masikio, apate kuandika vizuri.

"Tatu," akasema Winifred. "Haya, endelea, mzee. Ulisema mkeo amemeza nini?"