Alama Zilizopinda

Fundi wa kompyuta wa hospitali alinakili amri kutoka kwenye mwongozo kwa mara ya tano, na kwa mara ya tano mashine ya maabara ikaikataa. Majibu ya vipimo vya damu yalikuwa yamekwama tangu asubuhi.

“Mzee kaandika makosa,” alisema mkuu wa maabara. “Umri umemtupa mkono. Bora akapumzike nyumbani.”

Mzee mwenyewe, aliyeuandika mwongozo na kumfundisha fundi yule kazi, alikuwa amekaa pale pale akifuta miwani yake.

Fundi akasogeza uso karibu na skrini. Alama za kunukuu ndani ya amri zilikuwa zimepinda kama vipande vya kucha, ilhali mashine huelewa zilizonyooka tu. Akakumbuka. Wiki iliyopita yeye mwenyewe ndiye aliyeupamba mwongozo wa mzee kwa programu ya kuandikia barua, nayo ikazipinda bila kumwuliza.

Akazifuta, akazichapa upya moja moja. Printa ikaanza kutema majibu.

“Kulikuwa na nini?” mkuu akauliza.

“Acha tu, mwanangu,” mzee akamnong'oneza fundi. “Kazi imekwenda.”

Fundi akageuza kiti, akamtazama mkuu.

“Mzee hakukosea, bosi. Ni mimi niliyeharibu.”