Upole wa Afande Mugenyi

"Wewe! Hiyo ni bandeji ama kilemba cha bibi harusi?"

Maneno hayo yalikwisha kumfika Afande Mugenyi kooni, lakini akayameza. Alimtazama Ithungu, mwanafunzi wa uuguzi, kisha mgonjwa aliyeviringwa kichwa mpaka puani. Akashusha pumzi.

"Kidonda umekiosha vizuri," akasema polepole. "Wewe mwenyewe unaonaje hiyo bandeji?"

Ithungu akaangusha makasi.

Mugenyi, muuguzi mkuu wa zahanati ya kambi ya jeshi pale Kasese, hakuwa na hiari. Mwanafunzi wa mwisho kuonja ukali wake alikimbia mpaka kwao Bwera na glavu mikononi, na chuo kikaapa kuwaondoa wote waliobaki asipojifunza kufundisha. Ndipo akaingizwa kwenye mafunzo ya mtandaoni, pamoja na wakunga, wafamasia na watu wa maabara. Kila jioni mwalimu wao, Sista Vasta, aliwaimbia wimbo ule ule kwenye simu: sifu kwanza, uliza, kisha rekebisha. Usifoke.

Kwa Mugenyi ilikuwa kama kunywa shubiri, lakini dawa ilifanya kazi. Wanafunzi wakaanza kuwahi. Wakamletea machungwa. Wakambebea kiti kila alikokwenda, na hakuna aliyemwacha anyanyue hata ndoo. Siku alipomwambia mmoja wao, Davis, "Asante sana, mwanangu," kijana aligeukia ukutani akajifuta machozi.

Mugenyi aliyasimulia yote mtandaoni, kifua mbele. Wenzake wakampigia makofi. Sista Vasta akaomba awaone hao wanafunzi kwa macho yake.

Basi kikao cha mwisho kilipofika, Mugenyi aliwapanga mbele ya simu. Kioo kilikuwa kimejaa nyuso za wakunga na wafamasia, wote wakitabasamu.

"Ongeeni bila woga," akasema kwa sauti ya asali. "Tangu nianze kuongea na nyinyi vizuri, nyinyi mumeona nini?"

Wakatazamana. Ithungu akasogea mbele, macho mekundu.

"Afande, sisi tulikuwa tunaogopa kuuliza. Pasta iko hapo nje, tumemuita akuombee." Akamshika mkono kwa huruma. "Daktari alisema umebakisha siku ngapi?"