Msichana wa Dakika ya Arobaini na Moja

"Usigeuke," Tabia alimwambia Jaku kwa mara ya tatu. "Kanda ya wanawake hii."

"Nimeupa ukuta uso, wallahi," alijibu Jaku, bisibisi mkononi. "We jaribu tu kama inawaka."

Kompyuta ya studio ilikuwa imevuliwa ubavu tangu asubuhi. Ilikuja mtumba, mwaka ule biashara zilipofunguliwa na kila mtu Tanga akawa ghafla mfanyabiashara, na sasa ilikuwa imechoka. Ukiiomba picha moja ya harusi, ungeweza kwenda sokoni, ukachagua mchicha, ukarudi na kuikuta bado inafikiri. Jaku ndiye aliyekwenda Mombasa kuitafutia memori na diski mpya, akavuka navyo mpaka wa Horohoro ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mzee Shabbar, mwenye studio, alidhani kijana anajituma kwa ajili yake. Masikini Mzee Shabbar. Jaku alikuwa na haraka zake.

Mama yake, Bi Maryam, alikuwa kwao Wete, Pemba. Huko aliletewa nakala ya harusi ya jamaa zao wa Tanga, nakala ya nakala, chenga tupu. Katika chenga hizo, dakika ya arobaini na moja, akamwona msichana amesimama mlangoni, nyuma ya bibi harusi. Akampenda papo hapo. Kanda akaituma kwa mwanawe na maagizo: picha isafishwe, huyo binti atambulike ni wa nani. Leo saa kumi alasiri angekuwa kwa jirani mwenye simu, anasubiri jibu.

"Kakwambia yukoje?" Tabia aliuliza, akijisugua bega la kulia lililokuwa likimuuma tangu harusi ya Jumapili. Aliuliza kama mtu asiyejali.

"Kasema wenziwe wote wanamtazama bibi harusi, yeye peke yake katazama huku kwetu. Katulia, kama mtu aliye kazini. Ana kitu begani, kakishika kwa mkono wa kushoto." Jaku alicheka. "Mama kasema, kama ni wa shoto tutamzoea."

Tabia aliacha kujisugua. Mtaa wao wa Usagara mzima ulikuwa na msichana mmoja tu wa shoto aliyefikia kuolewa: Kijakazi, aliyeandika kwa shoto, akasuka ukili kwa shoto, na bado akawa mzuri kuliko wote. Harusini alikuwepo, Tabia alimkumbuka, ingawa hakukumbuka mengine. Yeye Tabia ndiye aliyezichukua kwa kamera harusi zote za studio upande wa wanawake, na msimu ulipokwisha, nyumba na mabibi harusi vyote vilikuwa vimechanganyika kichwani. Kanda ya asili ya harusi hii ilishafutwa zamani, ikapigiwa harusi nyingine.

Miaka miwili alikuwa akimpenda Jaku, anamngoja aseme. Jaku hakusema. Alikuwa mtoto wa mama hasa. Mama angemwonyesha nguzo ya simu, angeuliza mahari yake.

Saa tisa unusu kompyuta ilinguruma, ikatulia. Jaku akaenda kukaa barazani, maana kanda ile haikuwa halali kwa macho yake. Tabia aliipeleka hadi dakika ya arobaini na moja, akaisimamisha, akaiingiza picha kwenye mashine. Kweli, mlangoni palikuwa na umbo jeupe lisilo na uso wa kutambulika, mkono wa kushoto umepanda begani. Mashine ikaanza kusafisha, mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenye dari. Robo saa, ilisema.

Robo saa, kisha uso wa Kijakazi ungeteremka mbele yake, na yeye mwenyewe angemkabidhi Jaku. Hakuweza. Alizima skrini, mashine akaiacha ikiendelea, akaichomoa kanda, akautia kidole utepe na kuuvuta mpaka ukatoka matumbo.

"Jaku! Njoo uone balaa."

Jaku aliutazama utepe uliokunjamana mapajani mwa Tabia.

"Imeliwa?"

"Pale pale penyewe. Na picha ilikuwa haijaingia. Nisamehe."

"Basi sikuandikiwa huyo," Jaku alisema, akavaa kofia yake, akaenda posta kupiga simu.

Tabia alibaki na furaha iliyochanganyika na aibu, akienda dirishani na kurudi, akienda na kurudi. Alimwomba Mungu msamaha, kisha akaanza kupanga maneno. Leo hii angesema mwenyewe. Wangemwita asiye haya, na wamwite.

Jaku alirudi saa kumi na robo na chupa mbili za soda.

"Nipongeze," alisema, akampa moja. "Mama kasema akikosekana yule, ni binti wa ami yangu. Ami mwenyewe alikuwa hapo hapo kwenye simu. Washasoma Fatiha."

Soda ilikuwa baridi sana mkononi. "Hukuniambia kama kuna mwingine."

"Hukuniuliza, Tabia." Alikusanya bisibisi zake, akachukua kopo lake la maziwa, akamuaga vizuri kama siku zote.

Tabia aliwasha skrini ili amfute Kijakazi.

Memori mpya ilikuwa imefanya kazi yake. Picha ilikuwa safi, kila mshono ulionekana. Mlango haukuwa mlango. Kilikuwa kioo cha kabati, na ndani ya kioo, kamera ya Mzee Shabbar begani, kulia kumegeuka kushoto, alisimama yeye mwenyewe.