Mbwa wa Jirani

Sindano ilimchoma fundi cherehani kidole saa kumi kamili, kwa sababu macho yake hayakuwa kwenye kitambaa. Yalikuwa barabarani, kwa jirani yake, mzee karani mstaafu, aliyekuwa akipita na mbwa.

Walipita polepole kama kawaida yao, kama watu ambao saa haiwahusu. Mbwa akisimama kunusa nguzo, mzee naye anasimama. Mbwa akijilaza katikati ya njia, mzee anafunga mikono nyuma na kutazama mawingu.

"Wengine wamezaliwa na bahati," fundi alimwambia dada aliyekuja kupimwa gauni, huku akinyonya damu kidoleni.

"Naye hakosi shida zake."

"Shida gani? Ana nafasi, ana miguu mizima, tena ana mwenzake wa miguu minne. Mimi nina sare sitini za shule."

Wivu huo ulikuwa na miezi minane, tangu mzee ahamie mtaani. Fundi alikuwa mjane. Tangu msiba alifungua duka kabla ya wote na kulifunga baada ya wote, na wateja walishazoea kuzungumza na utosi wake. Kilichomkera zaidi ni kwamba mbwa yule hakupita mlangoni pake bila kuingiza kichwa. Fundi aliona anachekwa.

Siku ya pili yake uzalendo ulimshinda. Alitoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mzee, niazime mbwa. Saa moja tu."

Mzee alimkodolea macho. "Kuazima? Mama, mchukue tu." Akamkabidhi kamba, lakini vidole vyake vilichelewa kuiachia.

Fundi alianza kwa kukazana, kama anayekwenda kuwahi foleni. Mbwa akakaa chini. Alipovuta kamba, mbwa akapiga miayo. Basi, akamwachia atangulie. Walinusa ukuta wa shule, tofali kwa tofali. Walimtazama fundi baiskeli akiziba pancha mpaka akamaliza. Halafu wakakaa kwenye nyasi za uwanja, mbwa akalaza kichwa pajani kwake, na fundi akahisi mabega yake, ambayo tangu msiba yalikuwa yamekaza kama kamba mbichi, yakishuka yenyewe. Saa moja ikazaa ya pili. Sare hakuzikumbuka.

Waliporudi walimkuta mzee ameketi kwenye ngazi ya duka, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Nikuambie ukweli, mzee wangu," fundi alisema, kamba bado ameishika. "Miezi minane nakuonea kijicho. Wewe na mbwa wako."

"Mbwa wangu?" Mzee alisimama. "Si wako huyu? Si analala uchochoroni, nyuma ya duka lako? Wiki niliyohamia nilikuja kukuomba nimtembeze. Ulikuwa unashona. Ukasema, 'Haya, peleka.'"

Macho yake yalikuwa kwa mbwa aliyeegemea goti la fundi.

"Kila jioni namrudisha kwako, mama, kisha naingia ndani peke yangu, roho inaniuma kwa wivu."